Sauti Aliyoambiwa Aifute

Namalwa hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alitoka Bungoma akaja Kampala kuimba, na mwaka wake wa kwanza aliimba kiitikio cha wimbo uliopigwa katika karibu kila duka la soko la Kikuubo, bila jina lake kutajwa popote. Akaacha kuimba. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuandaa nyimbo za wengine katika studio moja ya Kawempe: kusikiliza kila sauti peke yake, kukata vikohozi na kelele za bodaboda, kuzipa faili majina, kisha kumkabidhi Obura, fundi wa kuchanganya sauti.

Ndiyo maana Fahim alipoleta kaswida yake, Namalwa alimtilia shaka mapema. Fahim alikuwa na duka la vipuri Kisenyi, mtu mpole wa kanzu iliyonyooshwa vizuri. Aliweka flashi mezani akasema, "Dada, humo kuna sauti ya kike. Hiyo ifute. Wala usihangaike kuisikiliza."

"Ni ya nani?"

"Ya majaribio tu."

Alipoondoka, Namalwa alivaa hedifoni akaisikiliza. Majaribio gani haya? Mwanamke yule aliimba kaswida nzima, pumzi zimetulia, na kila alipopanda, sauti ya Fahim ilipanda nyuma yake kama mtoto aliyeshikwa mkono. Damu ikamchemka Namalwa. Mwenye wimbo ni huyu mwanamke, akajiambia. Fahim ameuiba, na sasa anataka nimfutie nyayo.

Fahim aliporudi, aliambiwa kazi imekwama. "Siwezi kuimaliza mpaka nizungumze na aliyeimba humo," Namalwa alisema.

Fahim alimkazia macho. "Kwani unanishuku nini?"

"Nataka kumsikia mwenyewe. Basi."

Namalwa alidhani hatamwona tena. Lakini kesho yake Fahim alikuja na dada yake mkubwa, Salme, mwalimu wa madrasa. Kila Salme alipoulizwa jambo, Fahim alijibu kabla dada mtu hajafungua kinywa. Shaka ikazidi. Namalwa akamwomba Salme waingie chumba cha kurekodia, akafunga mlango.

"Dada, wimbo huu ni wako? Amekunyang'anya?"

Salme alitabasamu. "Wimbo ni wake, kautunga mwenyewe. Ila hawezi kuishika sauti mpaka aongozwe, tangu utotoni. Niliimba ili apate pa kufuata, naye anaona haya watu wakijua."

Namalwa aliinamisha kichwa, uso ukimwaka. Lakini swali moja lilibaki. "Na wewe umependa ifutwe?"

Salme alivutavuta ukingo wa mtandio wake. "Hilo hakuna aliyeniuliza," alisema hatimaye. "Kwenye beti nitoe, hizo ni zake. Kwenye kiitikio niache."

Walipotoka, Salme mwenyewe ndiye aliyemwambia mdogo wake alivyotaka. Fahim hakubisha, wala hakufurahi. Namalwa akamwomba Fahim radhi kwa kumshuku.

"Yamekwisha," Fahim alijibu. Hata hivyo alivuta kiti akaketi nyuma yake, macho kwenye kioo cha kompyuta. Kila Namalwa alipokata kipande, Fahim aliinama mbele akauliza, "Hapo umetoa nini?" Naye Namalwa alimjibu kila mara, kwa upole, mpaka kazi ikafika kwa Obura.