Musaka ya mume wangu inanitapisha

Admin, jina langu libaki kwako, maana Singida mjini tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nina watoto wawili. Mume wangu ni mpishi. Aliipikia familia moja ya Wagiriki kule Arusha kwa miaka mingi, na tulipohamia hapa akafungua mgahawa wa chakula chao cha asili. Mwanzoni watu walicheka. Sasa mgeni akiuliza mjini hapa atakula wapi chakula cha Kigiriki, anaelekezwa kwetu. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Kinachopendwa zaidi ni musaka: mbilingani zilizopangwa, katikati nyama ya kusaga, juu mchuzi mzito wa maziwa, vinaokwa pamoja. Mwezi uliopita mhudumu aliugua, nikaenda kusaidia. Nikamkuta mume wangu jikoni ameinamia ndoo ya makombo, anachambua nyama zilizobaki kwenye sahani za wateja, nyingine zina alama za meno kabisa. Anazisuuza, anazitia kwenye mashine ya kusagia. Humo humo ndooni kuna tishu zenye rangi ya midomo na vijiti vya meno. Nilitapika palepale mlangoni.

"Mke wangu, usinitie aibu," akasema, mikono inachuruzika mafuta. "Ikishaokwa hakuna mdudu anayebaki. Na hapa nani anaijua ladha yenyewe?"

Akaapa ataacha. Nikamwamini.

Juzi juzi baba yangu alikuja kutoka Mgori kutusalimia. Mume wangu akamwamkia vizuri, akamketisha mgahawani na kumletea sahani ya musaka kwa mikono miwili. Baba alipochota kijiko cha kwanza, nikaona kijiti cha meno kimechomoza kwenye nyama. Nikampokonya sahani, nikaimwaga. Wateja wote wakageuka.

"Mwanangu, unaninyang'anya chakula mbele za watu?" Baba akasimama.

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akatabasamu. "Baba, tusamehe. Siku hizi mwanao ana hasira za ajabu."

Lile tabasamu lilinichefua kuliko ndoo. Baba akachukua kofia yake, akaondoka bila kuniaga. Simu zangu hapokei.

Tangu siku hiyo mume wangu akinigusa tu, nasikia harufu ya makombo. Na kuna jambo jingine. Mdogo wangu wa kike anaolewa, sherehe ya kumuaga ni karibuni, na mume wangu amejitolea kuupikia ukoo mzima, eti kumaliza ugomvi. Jana nilimsihi asipike. Akanijibu, "Baba yako ameshanishukuru."

Nikisema, mgahawa utafungwa na wanangu sijui watakula nini. Nikinyamaza, bibi yangu, shangazi zangu na watoto wao watalishwa mate ya watu wasiowajua, na watamsifia mpishi. Ndugu zangu, kama ningekuwa dada yenu, mngenituma wapi kwanza: kwa baba asiyetaka kunisikia, au kwa bwana afya?