Kidole cha Mkereza

Kificho bin Mcha alikuwa na maadui wawili duniani: mti wenye fundo, na dada yake, Bi Time. Kwa mti wenye fundo alikuwa na dawa.

Alikuwa mkereza, kibandani nyuma ya soko la Darajani. Akikaa chini juu ya jamvi, mkono mmoja ukivuta uta unaolizungusha gogo mbele na nyuma, mkono wa pili umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu kimeibana patasi hiyo isiteleze. Hivyo ndivyo yalivyotoka matendegu ya vitanda vya nusu ya mji. Miaka thalathini ya kazi hiyo ilikilaza kidole upande, kikampanda mwenzake wa pili, na fupa likatuna ubavuni kama ndimu iliyofichwa chini ya ngozi. Hakikumuuma hata siku moja. Kilikuwa kibaya tu, na ubaya si maradhi. Ungekuwa maradhi, mtaa mzima wa Kikwajuni ungelazwa hospitali.

Balaa lilianza mwaka 1954, Mwanaasha alipoposwa na nyumba ya makarani wa Malindi. Mwanaasha alikuwa binti pekee wa Kificho, mama yake ameshakufa, na Bi Time ndiye aliyemlea. Basi Bi Time akapaka chokaa kuta, akabadili mikeka, kisha akamgeukia mdogo wake kama kitu kilichosalia kutupwa.

"Mguu huo hauendi kwa wakwe. Wakikiona kidole hicho watasema ukoo wetu una kwato."

"Kwato hizo ndizo zilizokulisha, dada, ulipoachwa mara mbili."

"Nliachwa na wanaume wenye miguu."

Akamnunulia viatu vyeusi vya kamba, vyembamba mbele kama mdomo wa samaki chuchunge. Kificho akavivaa wiki tatu, anakwenda kama kuku aliyefungwa miguu, mpaka Bi Time mwenyewe akakumbuka jambo analolijua kila mtoto wa chuo cha Kurani: nikaha inafungwa msikitini, na msikitini viatu vinabaki mlangoni.

Hakuomba radhi. Alisema, "Basi kikapasuliwe."

Hospitali walimkuta daktari mmoja wa Kihindi, Mgoa, mchache wa maneno, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha makarani wengi. Bi Time akajiweka mbele ya mgonjwa, akajibu yeye.

"Kinamuuma, daktari. Usiku halali. Analia."

"Nalia mie?"

"Nyamaza we, unaulizwa."

Daktari akainama. Akalibonyeza lile fupa, akakipinda kidole juu na chini, akashika juu ya mguu kutafuta mapigo ya damu. Kificho akapiga hesabu. Akisema hakiumi, amemuumbua dada yake mbele ya mgeni. Akisema kinauma, kinapasuliwa, na mkereza asiye na kidole ni mtu aliyekaa chini tu. Mara daktari akagusa kidole cha pili, mgongoni, penye kidonda chekundu. Kificho akaruka, nusura ampige teke la miwani.

"Hiki kimeanza lini?"

"Tangu viatu."

"Viatu gani?"

Kificho akamwangalia dada yake. Bi Time akaangalia dirishani, ghafla ana hamu ya kutazama kunguru.

Daktari akauliza kazi yake, akampa penseli, akamwambia amwonyeshe. Fundi akakaa sakafuni, akaibana penseli kwa vidole vya mguu. Daktari akaivuta. Haikutoka. Akaivuta kwa mikono miwili.

"Mama, sikiliza," alisema, akipangusa miwani. "Kukinyoosha naweza. Natoa kipande cha mfupa kwenye kiungo, wiki sita hakanyagi sawasawa, na kikipona kitakuwa kizuri na dhaifu. Hakitobana kitu tena. Napasua kidole kinachouma hata mtu akiwa peku, kinachomzuia kazi, au chenye donda lisilopona baada ya viatu vipana kujaribiwa vikashindwa. Kwa ajili ya macho ya watu, sipasui. Huyu anaumizwa na viatu. Avivue, aoshe kidonda, arudi baada ya wiki mbili. Kisipofunga, au hili fupa likianza kumuuma kazini, hapo tutazungumza habari ya kisu."

"Na harusi je?"

"Mie si mshenga, mama."

Nje, juani, Bi Time hakupoteza pumzi. "Basi mpe kadhi uwakala, aozeshe yeye. Wewe kaa nyumbani, tutasema una homa."

Kificho alisimama peku, viatu mkononi. Kumbe hata kidole kingenyooka kama rula, angetafutiwa kasoro nyengine.

"Wali, mwenye haki ya kumwozesha, ni mie," alisema. "Ukitaka nikaha bila ya mguu huu, tafuta bibi harusi mwengine." Akamtupia viatu miguuni, akaenda zake kazini.

Kidonda kilifunga siku ya kumi na mbili. Siku ya nikaha alikaa mbele ya kadhi, kanzu imepigwa pasi, mguu peku juu ya zulia, mkono wake umeshika wa bwana harusi. Baba wa bwana harusi alikitazama kile kidole hotuba nzima bila ya kupepesa. Ndoa ilipopita, akauliza kwa sauti ya mtu anayekagua mbuzi mnadani:

"Fundi, hicho umezaliwa nacho?"

"La, nimekipata kazini. Na wewe hiyo sura umeipata wapi?"

Shahidi mmoja akakohoa. Sinia ya halua ikaanza kupitishwa na vijana wa upande wa wakwe, ikafika kwa Kificho, ikamruka. Akanyoosha mkono, akaivuta sinia yote mbele yake, akala.