Tangazo la Mzee Ogada Lililokataa Kuondoka

Ukitaka kumkasirisha Eddah, mwambie hajui kazi yake. Miaka ishirini na mitatu amekuwa karani kwenye ofisi ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Sotik, na hata mashine za kuchuna majani zilipokuja watu wakapunguzwa, yeye alibaki. Alizaliwa kambini hapo hapo, baba yake akiwa mchuna chai kutoka kando ya ziwa, na hadi leo anaweza kukuambia kila nyumba ilikuwa ya nani, hata zile ambazo sasa hazina milango. Watu wa ziwa walipounda chama cha kuzikana, nani mwingine angekuwa katibu? Hawakupiga hata kura.

Mwanzoni walikuwa na kundi la WhatsApp. Siasa ikaingia, matusi yakafuata, mwenyekiti akalifunga. Ndipo Eddah akafungua blogu, na wastaafu waliotawanyika kila pembe wakaizoea. Mtu anafungua simu asubuhi, anaona nani ametutoka na mwili utapita lini. Maana desturi yao ni hii: mtu aliyefanya kazi kambini akifa, gari likimtoa mochari kumpeleka kwao ziwani, lazima lisimame saa nzima kwenye uwanja wa kambi. Waliofanya naye kazi wanamuaga, na mwenye neno analitoa mbele ya jeneza. Desturi ya pili ni kali zaidi. Tangazo la marehemu halipandiwi na jambo lingine mpaka azikwe. Mwaka juzi Eddah alijisahau akaweka habari za mashindano ya kwaya juu ya tangazo la bibi mmoja aliyekuwa bado mochari, basi aliitwa kikaoni akasemwa mpaka akalia.

Kwa hiyo mzee Ogada alipofariki, Eddah aliapa hatarudia. Ogada huyu alikuwa mtu wa boila, lile tanuri la mvuke la kiwanda, aliyelisha moto magogo ya bulugamu miaka thelathini, na hakuna mtu wa kiwanda asiyemjua. Jumapili hiyo Eddah akaingia kwenye setingi za blogu, akapekua, akakuta mahali panapouliza: ukurasa wa kwanza uonyeshe habari mpya zinavyoingia, au uonyeshe ukurasa mmoja uliotulia, usiosogezwa na kitu? Alifurahi kama aliyeokota pesa. Akaandaa ukurasa wa mzee, picha juu, chini yake maneno: mwili utapita Ijumaa saa tatu asubuhi, mazishi Jumamosi. Akauchagua huo ndio ukae mbele. Kulikuwa na kisanduku kingine hapo chini kinachouliza habari mpya zionekane ukurasa gani. Akakiacha wazi. Habari mpya za nini, na mzee yuko mochari?

Jumatatu jioni akapigiwa simu na mjane, mama Wilkista. Likizo ya kijana wao mkubwa, anayefanya kazi Qatar, ilikuwa imefupishwa, na kijana hawezi kuondoka kabla ya kumzika baba yake. Basi mwili utapita Jumatano, mazishi ni Alhamisi. Mama Wilkista akamsihi awafikie watu wote, maana mzee alikuwa akisema kwamba kambi ndiyo itakayomlilia. Eddah akamwambia asiwe na wasiwasi.

Aliandika tangazo jipya palepale. Akaliona kwenye simu yake, liko la kwanza kabisa kwenye orodha, linang'aa. Akawatumia wazee wa matawi ya chama ujumbe mfupi: someni blogu kuhusu mzee Ogada. Siku hakuitaja. Kwani blogu ni ya nini?

Jumanne, Phyllis wa ofisi ya pili akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kwenye simu yake blogu inasema Ijumaa. Eddah akamtolea simu yake mwenyewe: haya, soma, Jumatano. Phyllis akasema basi labda kuna kitu hakiko sawa. Eddah akamjibu kwamba kisicho sawa ni simu yake ya zamani, aizime aiwashe. Akasema hivyo mbele za watu, akacheka, na wengine wakacheka naye. Ah, Eddah! Hiyo ndiyo siku ambayo dakika tano tu zingeliokoa jambo lote, na yeye alizitumia kumcheka mwenzake.

Jumatano saa tatu gari likaingia uwanjani. Mahema mawili yalikuwa yamefungwa, viti mia mbili vimepangwa. Watu walikuwa thelathini, wengi wao wale walioliona gari likipita wakaja na nguo za kazi. Saa ikasonga. Mchungaji akaomba, akaomba tena kwa kirefu ili kuvuta muda. Hakuna aliyekuja. Mama Wilkista akageuka akatazama vile viti, akamwita Eddah karibu.

"Miaka thelathini," akasema. "Na hawa ndio watu wake?"

Eddah alitamani ardhi ipasuke. Badala ya kusema hajui, au kusema ngoja niangalie, akasema ni mtandao, mama, mtandao wa huku umesumbua sana wiki hii. Mama Wilkista akarudi garini. Gari likaondoka.

Eddah alimfuata Phyllis nyuma ya hema, akamwomba simu. Akafungua blogu. Mzee Ogada alikuwa anamtazama na koti lake la kiwanda, na chini yake: Ijumaa saa tatu asubuhi. Akaandika tena tangazo jipya, akalituma, akafungua kwa Phyllis. Ijumaa. Akafuta kumbukumbu za kivinjari kwenye simu ya Phyllis, akaizima, akaiwasha. Ijumaa. Kwenye simu yake ni Jumatano mara mbili sasa, kwenye simu ya kila mtu mwingine ni Ijumaa.

Akaomba ruhusa, akaenda Sotik mjini kwa Cheptoo, dada mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na soko. Cheptoo alitazama dakika mbili tu. Akamweleza taratibu kwamba yeye Eddah huingia blogu kwa mlango wa nyuma, mlango wa mwandishi, ndiyo maana anaona orodha yote. Wasomaji wanaingia kwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele ameutilia ukurasa mmoja usiobadilika. Habari mpya zipo, ila hakuzipa mahali pa kuonekana. Akamwonyesha kile kisanduku kilichoachwa wazi. Akabadilisha ukurasa wa kwanza uonyeshe habari mpya, akabonyeza kuhifadhi, na tangazo la Jumatano likaja mbele, siku ile ile ambayo halikuwa na kazi tena.

"Na hapa kuna maoni yanakungoja uyakubali," Cheptoo akasema. "Tangu Jumapili."

Yalikuwa yameandikwa na Chelimo, mke wa mtoto wa mzee Kipchirchir wa Siongiroi. Kipchirchir alikuwa amelisha boila pamoja na Ogada zamu moja, miaka mingi, mpaka mwaka ule kura zilipoharibika na nyumba za watu wa ziwa zikaanza kuchomwa. Chelimo aliandika kwamba mzee Kipchirchir atakuja Ijumaa, na anaomba dakika mbili mbele ya jeneza. Jioni ile mwaka ule Ogada na mkewe waligonga kwake waingie wajifiche, naye na ndugu yake walikuwa ndani, na kwa woga hawakufungua. Ogada na mkewe wakalala shambani katikati ya michai mpaka asubuhi. Mzee hajawahi kulisema neno hilo kwa mtu. Anataka kulisema sasa.

Eddah hakungoja kesho. Alichukua pikipiki mpaka Siongiroi, akauliza sokoni, akampata Chelimo dukani kwake. Chelimo alipotajiwa jina la blogu alitabasamu, kisha akasikia habari, akaketi. Mzee alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda Chepseon kumchukua huyo ndugu yake, waje pamoja, kwa kuwa siku ile walikuwa wawili. Hana simu. Ya ndugu yake walijaribu mara tisa, haikupatikana. Alhamisi wakajaribu tena mchana kutwa, na mchana huo mzee Ogada akazikwa.

Ijumaa, tangu saa mbili, Eddah alikuwa amesimama kwenye geti la kambi. Wakaja kwa miguu kutoka barabarani, wazee wawili wenye makoti na kofia, wakitembea polepole kwa sababu ya utelezi. Kipchirchir alimsalimia, akauliza kama gari limefika.

"Mzee, nimekukosea," Eddah akasema. "Gari lilipita Jumatano. Amezikwa jana. Kosa ni langu, si la mtandao."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Ndugu yake Kipchirchir alivua kofia akaanza kulia, mtu mzima, bila kujificha. Kipchirchir mwenyewe alitazama uwanja, akauliza gari lilisimama wapi. Eddah akamwonyesha alama za magurudumu kwenye nyasi. Mzee akaenda akasimama hapo, kisha akarudi.

Eddah akasema maneno haraka haraka. Akasema ataliandika neno la mzee, alitie kwenye ukurasa wa kwanza wa blogu, likae hapo mwaka mzima, kila mtu alisome, na safari hii anajua linavyofanywa.

"Hapana, msichana wangu," Kipchirchir akasema. "Yule mama aligonga mlango wangu kwa mkono wake. Atasikia kwa masikio yake. Unajua kwake?"

Anajua. Angeweza kumpa namba ya simu na jina la kituo cha kushukia, na wazee wangefika. Alifikiria hilo, tena alilifikiria vizuri. Kisha akaona tena vile viti mia mbili, na mama Wilkista akiviangalia, akiamini hadi sasa kwamba kambi ilimsahau mumewe.

Akaingia ofisini kuchukua mkoba. Alipita mezani kwa Phyllis, akamwambia mbele ya wale wale waliocheka kwamba Jumanne alikuwa amesema kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeharibu mazishi ya mzee Ogada. Hakungoja jibu. Aliporudi getini, wazee walikuwa wakimngoja, yule ndugu amekwisha vaa kofia yake.

"Huyo mama," Kipchirchir akauliza, "atatufungulia?"

"Sijui, mzee. Hata mimi naenda kubisha hodi."