Spika Nne kwenye Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio kule Pumwani, mapema miaka ya tisini, Msimamizi hakuniuliza cheti. Alinipa pamba na spiriti, akanionyesha rundo la deki za kaseti na vichwa vyake vidogo vya kusomea kanda. "Binti, safisha vichwa hivyo mpaka ving'ae. Benchi utaliona kwa macho kwanza." Alikuwa mzee wa mtaa wa Majengo, kofia kichwani saa zote, mpole kwa wateja na mkali kwetu. Mimi nilikuwa nimetoka mkoa wa Magharibi na hamu moja tu, kulikalia benchi la amplifaya, zile mashine za kukuza sauti, na pale hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia. Nilisafisha vichwa kwa hasira, lakini nilivisafisha vizuri.

Somo la kwanza nililipata nikiwa bado na pamba mkononi. Redio kubwa zilikuwa zimeingia mitaani na vibandiko vya rangi ya dhahabu: wati elfu moja! Watu walivisadiki kama Injili. Msimamizi aligeuza moja, akasoma bati dogo la nyuma linaloonyesha umeme ambao mashine inavuta ukutani. "Inavuta wati sitini. Hizo elfu imeziokota wapi?" Kibandiko kilihesabu mshindo wa kufumba na kufumbua. Wati za kweli ni zile mashine inazoweza kutoa wimbo baada ya wimbo bila kujipika. Vijana, mpaka leo someni bati, achaneni na kibandiko.

Fundi mmoja alipohamia Mombasa, nilipewa benchi lake kwa majaribio. Furaha niliyokuwa nayo! Haikupita muda, mzee mmoja mfanyakazi wa reli akaleta amplifaya safi, wati thelathini za kweli kila upande. Transista za kutoa sauti upande wa kushoto zilikuwa zimeungua. Nilizibadilisha, nikaijaribu kwa spika ya karakana, ikaimba vizuri. Baada ya wiki ikarudi. Kushoto tena. Nikaitengeneza mara ya pili, nayo ikaimba vilevile.

"Jumapili mjukuu wangu anabatizwa," Mzee wa Reli alilalamika, "na wageni wanatoka Kakamega. Ikinyamaza mbele yao nitauweka wapi uso wangu?"

Msimamizi alinitazama juu ya miwani. "Ikiungua mara ya tatu, binti, unarudi kwenye pamba."

Sasa, ilikuwa desturi ya mitaa yetu mteja kuleta amplifaya peke yake. Spika zilibaki nyumbani, kwa kuwa masanduku yale ya mbao yalikuwa mazito, na pia, tusifichane, watu waliogopa mafundi wasije wakabadilisha za ndani. Kwa hiyo sisi tulitibu mgonjwa bila kujua anakula nini kwake. Niliomba ruhusa niende nyumbani kwa mzee.

"Fundi hafuati mashine nyumbani," Msimamizi alisema.

"Kama ni kurudi kwenye pamba, nirudi nikijua kwa nini."

Alicheka kidogo, akanipa mita ya kupimia umeme.

Mzee wa Reli alikaa kwenye nyumba za kanisili, yaani za baraza la jiji, hatua chache kutoka Soko la Burma. Sebuleni niliziona spika mbili kubwa. Ya kulia ilikuwa na waya wake mmoja, imetulia. Nyuma ya ile ya kushoto, iliyokuwa karibu na dirisha, nilikuta furushi la nyaya zinazotoka nje. Nilizifuata. Moja iliingia kwa jirani wa mkono wa kulia, moja kwa jirani wa kushoto, na ya tatu ikavuka ua hadi kwa kijana mmoja wa kiwandani. Kila mmoja alikuwa na spika yake, na wote walizifunga pale pale kwa sababu dirisha lilikuwa karibu.

"Ningewanyimaje?" mzee alijitetea. "Si ni majirani?"

Kijana alitoka mbio. "Niaje, madam! Usinikatie waya, plis. Sande bila hiyo ngoma mtu anaeza lia."

Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo ukaruka. Spika ina ukinzani wake, yaani kiasi inachouzuia umeme usipite ovyo, nao hupimwa kwa omu. Kila moja pale ilikuwa ya omu nane. Ukizifunga zote nne sambamba, waya kwa waya, ukinzani haujumlishwi, unagawanyika: zinabaki omu mbili. Amplifaya iliyoundwa kwa omu nane hulazimika kumwaga umeme mwingi kupita uwezo wake, na transista zinaungua. Karakanani iliimba kwa sababu tuliipa spika moja tu.

Kuwakata majirani kungekuwa rahisi, na kungeleta ugomvi wa miaka. Nilifunga spika mbili kwa mfululizo, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili: omu kumi na sita. Nikafanya vivyo hivyo kwa mbili zilizobaki, kisha nikaziunganisha jozi hizo sambamba. Omu nane kamili! Niliwaambia wazi kwamba kila nyumba itapata sauti ndogo kuliko ilivyozoea, lakini itaipata siku zote.

Jumapili Msimamizi alikuja mwenyewe nyumbani kwa mzee, amevaa kanzu, akaketi kando ya amplifaya kama daktari. Muziki ulianza wageni walipotoka kanisani. Kina mama walicheza sebuleni, majirani wakacheza uani, na kijana wa kiwandani akacheza mlangoni kwake. Mchana ukapita. Mara kwa mara Msimamizi aliweka kiganja juu ya kifuniko. Jua lilipopungua alikiweka mara ya mwisho, akakiacha pale.

"Vuguvugu tu," alisema. Mgeni mmoja akamwuliza ni nani aliyeitengeneza. Akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Fundi wangu, yule pale."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, kisha nikarudi kucheza.

Nililikalia benchi lile miaka mingi, baadaye nikafungua karakana yangu mtaa wa Lucky Summer, na kila niliyemwajiri nilimtuma kwanza nyumbani kwa mteja akaangalie nyaya. Sasa nimestaafu, macho hayaoni tena transista. Lakini mtaani kwetu, mahali ambapo kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, mimi naitwa Fundi, na mume wangu, maskini, anajulikana kama Bwana ya Fundi. Ukimwita hivyo anaitika, tena kwa madaha.