Boksi la Ndizi Dirishani

Mimi ni mtu wa Mombasa. Upepo ukivuma kidogo natafuta sweta. Baridi ya Doha, nilikokuja kufanya kazi, ilipokaribia, hita niliiona dukani nikaiacha hapo hapo, kwa kuwa hela zilikuwa za kutuma nyumbani. Niliomba maboksi matupu ya ndizi kwa muuza matunda wa hapo mtaani kwetu Najma, nikaziba nyufa za dirisha la upande wangu kwa selotepu. Mwenzangu wa chumba, mzaliwa wa Kinangop, alicheka akashika mbavu.

"Dada, hii unaita baridi? Kwetu tunaamka na barafu kwa majani!"

Nilinuna. Dirisha lake nikaliacha vile vile. Ajionee.

Upepo wa kaskazini ulipoanza, nilirudi kutoka kazini jioni nikamkuta amejikunyata kwenye kitanda changu, koti mwilini. Nikamuuliza barafu ya kwao imekwenda wapi.

"Kwetu kuna moto wa kuni," akajibu polepole. "Jioni tunauzunguka wote."

Hasira zikanitoka. Nilibandika chai ya tangawizi, tukaziba dirisha lake pamoja. Kisha tukaketi sakafuni, sufuria katikati, tukaizunguka. Tulikuwa wawili tu, lakini tulitosha.