Siku Alipoacha Mchezo Akiongoza

Mtu mmoja wa kampuni ya vitabu alinipigia simu akaniomba niandike yote kuhusu yule mchezaji niliyemfundisha. Aliuliza kama alikuwa anakunywa, na kama kulikuwa na mwanamume. Nilimwambia nitaandika niliyoyaona mwenyewe. Akasema sawa, lakini usisahau ile siku. Kila anayenisimamisha njiani anataka habari za ile siku, na mimi nimechoka kuisimulia vipande vipande, kwa hiyo nitaieleza hapa mara moja.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja Kampala kufundisha gofu kwa mkataba mfupi, nikabaki, na sasa nikienda kwetu Nakuru dada zangu wananicheka kwa kumwita kila mwenye duka "nyabo", kama Waganda wanavyomwita mama. Ninaishi Kansanga, nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba. Watu hudhani kocha wa gofu anashinda akicheza gofu. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya mtu anayekosea, juani, na kumwambia maneno niliyomwambia jana: tuliza kichwa, usiukimbilie mpira, acha fimbo ifanye kazi. Magoti yangu yalianza kulalamika zamani. Koo nalo limefuata.

Baba yake yule binti alikuwa sajenti mstaafu, mtu wa upande wa Gulu, mrefu, mwenye maneno machache. Alipotoka jeshini alipata kazi ya kulinda lango la uwanja ninapofundisha. Sote tulimwita Afande, hata matajiri ambao hawajawahi kumpigia mtu saluti. Mkewe ni Mwislamu wa Bombo, na alikuwa akiuza sambusa na mihogo ya kukaanga pale Bwaise walikopanga. Mvua ikinyesha sana walipandisha magodoro juu ya meza wakasubiri maji yaondoke. Binti alikuwa akitoka shule anakuja kumngoja baba yake amalize zamu, kwa sababu mzee hakutaka arudi nyumbani peke yake.

Kuna mwanachama alitupa fimbo moja ya chuma, ya watu wa mkono wa kushoto, ambayo mpira wa mshikio ulikuwa umeisha. Binti akaiokota. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kulia na kula kwa mkono wa kulia, lakini fimbo aliyoipata ilikuwa ya kushoto, basi akajifunza kushoto. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni mkono wake wa kuzaliwa. Nilivutwa na mlio. Mpira ukipigwa vizuri hutoa mlio mfupi, mkavu, na wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuusikia kutoka kwenye fimbo zao.

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Hakuna. Mimi naona tu, halafu napiga."

Nilimwendea baba yake pale langoni, nikamwomba ruhusa ya kumfundisha. Alinisikiliza akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Kocha," akasema, "mtoto hii iko na kichwa ngumu. Ukimchukua, usimwachie njiani."

Nikaahidi. Sikujua nimeahidi nini.

Alikua haraka. Aliwashinda wanawake wa klabu, kisha wa nchi nzima, kisha tukaanza kusafiri. Ulifika wakati picha yake ilikuwa kwenye bango pale njia panda, akitabasamu, meno yote nje. Yule wa kwenye bango sikumfahamu. Niliyemfahamu alikuwa hasemi neno kabla ya kucheza, anatafuna karanga kama mtu mwenye ugomvi nazo, na akikosea ananiangalia mimi. Siku moja huko Entebbe alirusha fimbo kwenye kinamasi, kisha akasimama akaningoja nikaichukue. Nilikunja suruali nikaingia. Nilipotoka na matope hadi mapajani akasema, "Kocha, unazeeka vibaya," akaipokea fimbo na kupiga mpira mzuri kuliko yote ya siku ile. Kwenye gari tukirudi alilala akiwa ameniegemea begani kama mtoto. Ndivyo tulivyoishi. Alikuwa anachosha, na nilikuwa nikimpenda kama mtu anavyompenda mtoto wa nduguye aliyemshinda.

Kuhusu pombe na wanaume, huyo mtu wa vitabu atanisamehe. Sikuona kitu. Alikuwa anafanya mazoezi hadi viganja vinapasuka, kisha anakula, kisha analala.

Baba yake aliacha kazi ya langoni akawa anamfuata kwenye kila mashindano. Suruali imenyooshwa, viatu vinang'aa, mikono nyuma, anatembea pembeni ya uwanja kama anakagua gwaride. Hakuwahi kupiga makofi. Watu waliandika kwamba mimi ndiye siri ya ushindi wake. Ukweli ni kwamba kabla ya kila mpira alikuwa anainua macho kumtafuta mzee, akimwona anashusha macho na kupiga. Mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi, na hakuwa ananitazama.

Sasa ile siku.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano makubwa, nyumbani kabisa, kwenye bonde lile lile chini ya kilima cha Nakasero alikookota fimbo. Alikuwa anaongoza. Angeshinda, angepata nafasi ya kucheza ng'ambo na wachezaji wa kulipwa, jambo tulilolifukuzia miaka yote. Asubuhi mzee hakuonekana. Binti aliuliza, na mama yake akamwambia kwa simu kwamba baba ana homa kidogo, atakuja baadaye. Nami nikaamini. Alicheza vizuri, ingawa kila mara aliinua macho akatazama upande ambao mzee angekuwepo, ambako kulikuwa na makarooli tu, wale korongo wakubwa wenye vipara, wakitembeatembea kwenye nyasi.

Yalipobaki mashimo machache, simu yangu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama yake.

"Kocha, mzee ameanguka. Upande moja imekufa. Tuko hospitali."

Nikamuuliza madaktari wanasemaje.

"Wanasema tuite watoto." Nikamsikia anavuta pumzi. "Lakini usiambie yeye sasa. Acha amalize kwanza. Mzee hawezi kupenda aache. Nakuomba, kocha."

Ofisa wa kampuni iliyokuwa inamdhamini alikuwa akitembea nami, na alisikia. Alikuwa kijana mpole, hakuwa mtu mbaya. Alinishika mkono akasema, "Yamebaki machache tu, kocha. Saa moja hivi. Hakuna kitakachobadilika kwa saa moja."

Nilitembea shimo zima nikiwa na habari ile. Nilimwona akipiga, nilimwona akiinama kusoma mteremko wa nyasi, akausukuma mpira ukaingia, watu wakapiga makofi, naye akatazama upande ule ule.

Mama yangu alipofariki Nakuru nilikuwa hapa Kampala, nikicheza mashindano kama hayo. Ndugu zangu waliniambia baada ya kumaliza. Walikubaliana, wakamwonya kila mtu kwenye ukoo asiniambie. Walidhani wamenifanyia wema, na sikuwahi kugombana nao. Lakini mpaka leo nikikumbuka siku ile naona jinsi nilivyokuwa nacheka na kedi wangu, kijana wa kunibebea fimbo, nimeshika soda, wakati kwetu wanamwosha mama. Hicho kicheko sijui nikiweke wapi.

Binti alikuwa chini ya mti akitafuna karanga, akingoja mwenzake apige. Nikamwendea.

"Baba yuko hospitali," nikasema. "Ameanguka. Ni vibaya. Mama hakutaka nikuambie."

Aliacha kutafuna.

"Umejua saa ngapi?"

"Shimo lililopita."

"Shimo nzima umetembea na mimi hujasema."

"Ndiyo."

Alivua glavu polepole, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atalia au atanipiga. Alimfuata mpinzani wake akampa mkono, akamwambia mwamuzi kwamba ameacha, kisha akatembea kuelekea barabarani. Watu walidhani anaenda msalani. Alipofika barabarani alisimamisha boda boda, akapanda na viatu vyake vya gofu, akaenda. Mimi nilibaki na mkoba wa fimbo, watu wakinizunguka wakiuliza, na yule kijana wa kampuni amejishika kichwa.

Nilipofika hospitali alikuwa ameketi kitandani kando ya baba yake, amemshika mkono uliokuwa bado unafanya kazi. Mzee alikuwa macho. Mdomo ulikuwa umeenda upande, lakini aliweza kusema maneno machache. Alitazama viatu vya binti yake, vilivyokuwa na nyasi.

"Umemaliza?"

"Bado, baba."

"Nani amekuambia?"

Binti hakusema jina langu. Aligeuza tu macho mlangoni nilipokuwa nimesimama. Mzee akanitazama kwa muda, kisha akageuza uso wake ukutani. Mama alikuwa kwenye mkeka sakafuni na tasbihi yake. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Kocha, nilikuomba kitu moja tu."

Nikatoka nje. Nilikaa kwenye benchi la wanaosubiri, karibu na mwanamke aliyekuwa anamenya ndizi, na nikasinzia hapo hapo. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata aibu haikunizuia kulala.

Redio zilisema mengi. Kwamba alihongwa na watu wa kamari. Kwamba tuligombana naye kwa sababu ya mambo yasiyofaa kuandikwa. Kampuni ilinitaka niseme mgongo ulimuuma, nikakataa, kwa kuwa mgongo haukumuuma. Familia haikutaka ugonjwa wa mzee utangazwe, kwa hiyo sikuweza kusema jambo la kweli pia. Nikanyamaza, na mtu akinyamaza katika mji huu watu wanamjazia maneno mdomoni.

Wiki chache baadaye binti alinikuta kwenye maegesho ya magari. Hakuzungusha maneno.

"Kocha, mimi siwezi kufanya kazi na wewe tena. Kila nikikuona, naona baba anageuza uso."

"Naelewa," nikasema.

"Sijasema umekosa."

"Najua."

Akachukua mwalimu mwingine kutoka Afrika Kusini, mtu mwenye mashine za kupima mwendo wa fimbo. Nasikia mwalimu yule alijaribu kumhamishia mkono wa kulia. Nilipoambiwa nilikasirika kidogo, kisha hata hasira ikanichosha.

Mzee aliishi hadi mvua zilizofuata. Hakuniita, wala hakutaka nitajwe mbele yake. Nilienda mazikoni, mbali kule kaskazini, safari ya kutwa nzima ndani ya basi. Nilijiandaa kufukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Nilipewa kiti na sahani ya nyama na ugali wa mtama, nikala, wakapita askari wastaafu mbele ya jeneza wakampigia saluti, nami nikasimama nikampigia yangu, kwa mkono usiojua saluti.

Ile nafasi ya ng'ambo haikurudi. Binti alicheza miaka kadhaa, akashinda huku na huku, lakini watu waliomjua waliona kwamba kabla ya kupiga bado alikuwa anainua macho, kisha anachelewa kuyashusha. Mwishowe akaacha. Bango lilishushwa, likawekwa la sabuni.

Mama yake nilikutana naye soko la Nakasero akichagua nyanya. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za magoti. Nikamuuliza mzee alisema nini mwishoni kuhusu mimi. Sijui kwa nini niliuliza.

"Mpaka mwisho alisema wewe umeharibu," akasema. Akazipima nyanya mbili mkononi, akairudisha moja. "Lakini alikuwa hakubali kula kama msichana hayupo. Mimi nikimpa chakula, anafunga mdomo. Yeye akimpa, anakula. Kila siku. Hakuwa anasema asante, lakini anakula."

Mwaka huu yule binti ameanza kufundisha. Amepewa wasichana wa shule, na ananipigia simu akiwa na swali, kwa ufupi, kama mtu anayeuliza njia. Mwezi uliopita aliniomba nikamwangalie mwanafunzi wake mmoja. Nilifika mapema. Tulikaa kwenye ngazi za banda la kuhifadhia fimbo. Alikuwa amenenepa kidogo, na hakuwa na karanga. Akauliza bila kunitazama.

"Kama ingekuwa leo, ungeniambia?"

"Ningekuambia."

Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

"Mimi nimefikiri sana, kocha. Miaka hii yote. Na mimi ningetaka kumaliza kwanza. Alikuwa hai bado. Ningeenda na kikombe, ningemwekea pale kitandani. Hicho tu ndicho alitaka kwangu."

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu Nakuru, kuhusu mama yangu na ile soda. Sijawahi kumweleza. Lakini hayo yalikuwa yangu, na yeye alikuwa anasema yake.

"Pole," nikasema.

"Ni sawa," akasema. "Wewe ulifanya vile unajua."

Wanafunzi wake walikuwa bado hawajafika. Tukaongea habari za nyasi za pale mazoezini, ambazo mwaka huu zimekuwa mbaya, na za mtu anayezikata, ambaye haambiliki.