Chai ya Mama Huko Ngoliba

Maji ya upande wa Ngoliba yalikuwa na chumvi, hata ng'ombe waliyanywa wakisitasita. Kwetu Ruiru kulikuwa na mto, lakini mimi nilifuata mwanaume, sikufuata maji.

Nilipozaa mtoto wa kwanza, miaka ile ya hamsini ikielekea kuisha, Mama alituma neno: anakuja na wanawake wa kanisa lake kumwona mjukuu. Tena amesikia kwamba huku Ngoliba maziwa yanakatika kwenye chai kwa ajili ya chumvi. Akipewa chai ya chumvi, mimi na mtoto tunarudi naye Ruiru. Mama hakuwa mtu wa mzaha.

Mume wangu alishinda kisimani akionja maji. Aliyecheka ni kaka yake, aliyekuwa amepelekwa vita vya Wazungu.

"Kwa meli tulikunywa bahari," akasema. "Wanachemsha, mvuke unapita kwa bomba baridi, yanatoka maji matamu. Chumvi inabaki chini kama mjinga."

"Na meli utatoa wapi, shemeji?"

"Wewe lete debe. Na kuni. Bomba niachie mimi."

Kuni nilibeba mimi, mgongoni, mtoto nikiwa nimemfunga kifuani. Tukachemsha, mzigo mzima ukaisha na birika halijajaa. Nikaonja. Chumvi hakuna, lakini kulikuwa na harufu.

"Ni harufu ya mvuke," shemeji akasema.

Wageni walifika wakiimba. Wakamwombea mtoto, nikawamiminia chai. Maziwa hayakukatika. Mama akanywa funda moja, akanusa kikombe. Jirani yake, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, alimaliza na kuninyooshea kikombe.

"Niongeze, mama. Chai yenu inachangamsha."

"Weka chini!" Mama akasema. "Hiyo ni pombe. Ni chang'aa!" Akamgeukia shemeji. "Bomba mlitoa wapi?"

Shemeji akatazama paa. Aliliazima kwa mama mmoja ng'ambo ya bonde, na kila mtu alijua mama huyo anapika nini.

"Lakini niliosha, mama."

"Na nini?"

"Na maji."

Yule mwenye sauti kubwa alikuwa ameshajimiminia. "Dhambi ikishaingia tumboni haitoki," akasema, akanywa.

Mume wangu hakuwa ndani. Kwa desturi yetu mkwe hajitokezi ovyo mbele ya mama wa mke wake, kwa hiyo alikuwa nyuma ya nyumba akichochea moto. Mama akauambia ukuta:

"Wewe wa huko nyuma! Haya ni mawazo ya nani?"

"Ya kaka yangu, mama. Lakini mimi ndiye niliyekubali. Sikutaka umchukue."

"Na moshi wote huo ni wa nini?"

"Nawatengenezea maji mengine, mama. Kuni zimeisha. Sasa nachoma mlango wa zizi."

Mama akamwaga chai iliyobaki. Kisha akanipa kikombe chake.

"Nipikie ya maji ya kisima. Bila maziwa."

Akainywa yote, macho ameyafumba, akafuta mdomo.

"Atabaki," akauambia ukuta. "Mtu wa kuchoma zizi lake kwa sababu ya kikombe changu, huyo ni mjinga, lakini hatamlaza mtoto wangu njaa. Ila kuni utatafuta wewe."

Akatafuta. Kwetu mwanaume kubeba kuni ilikuwa aibu, na majirani walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliinama akapita nazo, na mimi nilitangulia mbele kumfungulia njia.